Manjano ya Kichanga Yasingoje Arobaini

KATIKA nyumba nyingi za Mwanakwerekwe, kama ilivyo kote Unguja, mzazi aliyejifungua hukaa ndani siku arobaini. Huogeshwa maji ya moto na kupikiwa uji wa pilipili manga, na mtoto hulelewa mikononi mwa bibi na mashangazi. Hiyo ni mila njema, kwani humpumzisha mama na kumkinga mwanawe. Lakini yako maradhi yasiyoijua mila hiyo, ambayo katika siku hizo hizo hulila ini la mtoto kimya kimya.

Maradhi hayo ni kuziba kwa mirija ya nyongo. Nyongo hutengenezwa na ini, ikapita katika mirija hiyo hadi kwenye utumbo, ambako husaidia kusaga mafuta na kukipa kinyesi rangi yake. Mirija inapoziba, nyongo hubaki ndani ya ini na kuliharibu. Katika nchi nyingi maradhi haya humpata mtoto mmoja kati ya kila 10,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Ni wachache, lakini wengi wa wasiotibiwa hufariki kabla ya kutimiza miaka 2.

Tiba ipo. Mwaka 1955, katika mji wa Sendai, Japani, Dakta Morio Kasai alibuni operesheni ya kuondoa mirija iliyoziba na kuunganisha utumbo na ini lenyewe ili nyongo ipate njia. Mwaka 2002 madaktari wa Brazil walieleza jinsi walivyoifanya operesheni hiyo kwa matundu madogo, wakiongozwa na kamera iliyoingizwa tumboni. Maendeleo hayo yanastahili sifa, kwa sababu kidonda kidogo hupunguza maumivu. Hata hivyo, utafiti uliofanywa Ujerumani na kutangazwa mwaka 2011 ulisimamishwa kabla ya wakati, baada ya kuonekana kwamba watoto waliopasuliwa kwa matundu madogo hawakufanikiwa kama waliopasuliwa kwa njia ya kawaida.

Fundisho lake ni wazi. Wakati wa operesheni una uzito kuliko ukubwa wa tundu. Operesheni hiyo hufaa zaidi inapofanywa kabla mtoto hajatimiza siku 60. Akipitisha siku 90, matumaini hupungua sana, na mara nyingi hubaki njia moja tu, nayo ni kupandikizwa ini jingine.

Hapo ndipo hesabu ya arobaini inapotisha. Mzazi akingoja mpaka atoke ndani, theluthi mbili za muda huo zimekwisha. Bado kuna kipimo cha damu, picha ya tumbo, barua ya rufaa na safari ya kuvuka bahari.

Watoto wengi huwa na manjano siku za mwanzo, nayo huondoka yenyewe. Ndiyo maana wazee husema, "Mtoeni juani asubuhi, yatakwisha." Lakini jua halizibui mirija. Manjano yakizidi siku 14, mtoto apelekwe kituo cha afya. Zipo dalili mbili ambazo hata asiyejua kusoma anaweza kuziona: kinyesi kilichopauka kama chokaa, na mkojo wenye rangi ya chai kavu. Mtoto huyo huenda akanyonya vizuri na kunenepa, na unene huo ndio unaowadanganya walezi.

Taiwan ilitambua jambo hili. Kuanzia mwaka 2004, wazazi nchini kote walipewa kadi yenye picha za rangi za kinyesi ili walinganishe wenyewe nyumbani. Watoto waliopasuliwa kabla ya siku 60 wakaongezeka. Kadi kama hiyo haihitaji mtambo wala fedha za kigeni. Katika kadi ya kliniki ya kila mtoto wa Zanzibar ukurasa mmoja unatosha. Aidha, chanjo ya wiki ya sita huangukia siku ya 42. Muuguzi anayechoma sindano hiyo na atazame macho ya mtoto, kisha aulize rangi ya kinyesi. Huo ndio mlango wa mwisho, usifungwe kwa haraka ya foleni.

Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilitangaza matibabu ya bure ili mtoto wa mkulima asife kwa umaskini wa baba yake. Leo Serikali huwapeleka Tanzania Bara na India wagonjwa wanaohitaji utaalamu zaidi. Lakini matibabu ya bure hayamfai aliyefika akiwa amechelewa. Kwa hiyo faili la rufaa ya kichanga lisilale mezani likingoja zamu pamoja na mafaili mengine. Ofisa anayelichelewesha kwa wiki mbili anamnyang'anya mtoto siku asizoweza kumrudishia.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilionyesha Tanzania Bara kwamba wananchi wakielezwa jambo kwa lugha yao hulitekeleza. Walimu, masheha, wakunga na viongozi wa matawi ya Chama wanao wajibu huo leo. Waseme bila haya juu ya kinyesi cha mtoto, maana mficha maradhi kilio humfichua. Arobaini inaweza kukatizwa kwa saa chache, mama akampeleka mwanawe kituoni na kurudi. Ini la mtoto haliwezi kungoja.