Hata Mnyonya Damu Hubisha Hodi

Wapo wenzetu watakaocheka wakisikia kwamba sisi, watu wa gwaride na nidhamu, tumekuwa mashabiki wakubwa wa tamthilia ya wanyonya damu. Na wacheke. Tamthilia yenyewe ni True Blood, iliyoonyeshwa na kituo cha televisheni cha HBO cha Marekani tangu mwaka 2008 hadi 2014, sehemu 80 kwa jumla. Tumezitazama zote, nyingine mara mbili. Alan Ball aliiunda kutokana na riwaya 13 za Bibi Charlaine Harris, na mambo yake hutendeka Bon Temps, mji mdogo wa kubuniwa katika jimbo la Louisiana.

Katika hadithi hiyo, Wajapani wamevumbua damu ya bandia, nayo yauzwa kwa chupa mfano wa bia. Hivyo wanyonya damu, waliojificha karne nyingi, wanajitokeza na kudai haki ya kuishi kama raia wengine. Je, raia wawaamini?

Hapo ndipo tuliponaswa. Mmoja wao, Bill Compton, alikuwa askari katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865, akageuzwa mnyonya damu alipokuwa akirejea kwa mkewe na watoto. Katika sehemu ya tano anaalikwa kanisani kusimulia habari za vita hivyo. Watu wanamtazama kwa hofu. Yeye hatishi wala hajigambi. Anawaeleza habari za babu zao. Kisha anaonyeshwa picha ya kale ya jamaa zake mwenyewe, na machozi yanamlenga. Sisi ambao kazi yetu ni kusimama mbele ya raia na kulisemea jeshi, hatujapata kuona darasa bora kuliko hilo. Kweli, alipigania upande wa Kusini uliotetea utumwa. Lakini Tara, msichana mweusi, anamwuliza waziwazi kama alimiliki watumwa, naye hana budi kukiri kwamba baba yake alikuwa nao.

Tena wanyonya damu wana sheria moja. Mmoja wao awe na nguvu namna gani, hawezi kuvuka kizingiti cha nyumba ya mtu asipokaribishwa.

Katika nchi zetu mnyonya damu hakuvaa joho jeusi. Zama za ukoloni, wakazi wa Kampala na Nairobi walinong'ona kwamba wazimamoto, na hata polisi, huwakamata watu usiku ili kuwatoa damu. Watu wa pwani wakasema ni mumiani. Ulikuwa uvumi mtupu, lakini haukuota hewani: mwenye sare wa enzi hizo aliingia majumbani bila hodi.

Misimu ya mwisho imejaa wachawi na vioja kupita kiasi, na uchi uliomo haufai kutazamwa na watoto. Lakini mwisho wa msimu wa tatu haujatutoka akilini. Sookie Stackhouse, mhudumu wa baa aliyempenda Bill, anagundua kwamba tangu mwanzo huyo bwana aliletwa kwake na agizo la siri la malkia wa wanyonya damu. Anaufuta ukaribisho wake kwa maneno machache tu, na yule askari mwenye nguvu za kutisha anasukumwa kinyumenyume hadi nje.