Jembe limekuwa fimbo, walimu watarajiwa mnacheka tu

Nimepotea kidogo hapa kijiweni, asaimenti zimetuandama na bumu ndo hivyo tena. Leo sina habari za hosteli. Leo nina ugomvi.

Juzi kwenye semina mwenzetu mmoja kasema, na watu wakampigia makofi, eti hakusoma miaka yote hii aje kushika jembe. Mwalimu mtarajiwa huyo! Akili hiyo kaipata wapi? Kaipata shuleni. Umechelewa namba, jembe. Umepiga kelele, kalime matuta mawili. Mtoto anasoma miaka yote mpaka kidato cha sita akifundishwa kwamba udongo ni wa wakosaji. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shamba la shule lilitakiwa liwe sehemu ya masomo. Sisi shamba tumelibakiza, masomo tumeyatoa.

Sasa hivi kuna kitu kinaitwa pamakalcha. Ni namba ya kupanga bustani na makazi kwa kuiga msitu: mimea mchanganyiko, udongo hauachwi uchi, na taka za huyu ni chakula cha yule. Jina walilitoa Waaustralia wawili, Bill Mollison na David Holmgren, na kitabu chao cha kwanza kikatoka 1978. Holmgren alianza kazi hiyo akiwa mwanafunzi kama wewe na mimi. Leo watu wanalipa hela ndefu kwa kozi ya cheti ya saa 72.

Kozi siigombi. Ninachogomba ni kujifanya tumeletewa mwezi. Nenda Kilimanjaro ukaangalie kihamba. Juu mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini kabisa magimbi, na kiazi kikuu kinapanda mti bila kuuliza mtu. Ng'ombe yuko bandani, anakula majani ya mgomba, samadi inarudi kwenye mgomba. FAO wameuorodhesha mfumo huo wa Shimbwe Juu kama urithi wa kilimo duniani tangu 2011. Na hata huku kwetu uswahilini, nani hajawahi kuona mgomba ulionona nyuma ya bafu la nje? Aliyeupanda pale hana cheti, ila anajua maji ya kuogea yanakwenda wapi.

Kitu kimoja nakubali wenye kozi wametupangia vizuri: kanda. Unachokigusa kila siku unakiweka karibu na mlango, unachokitembelea mara chache unakipeleka mbali. Mchicha, matembele na mnafu jikoni, mihogo kule mwisho. Mama zetu wanafanya hivyo bila kuita kanda. Haya, niambieni bustani za shule nyingi ziko wapi? Nyuma ya vyoo! Mahali ambapo hakuna anayepita mpaka awe ameadhibiwa. Halafu Agosti imekauka mnasema watoto wa siku hizi wavivu.

Kinachoniuma zaidi ni somo lenyewe. Mwanafunzi wa baiolojia anachora vizuri kabisa bakteria wa kwenye mizizi ya kunde, anapata vema. Mwambie ang'oe kunde moja, apasue kile kinundu aone wekundu ndani, ndio dalili kwamba kinafanya kazi: hajawahi. Ameandika kwenye mtihani kwamba majani yanaozeshwa na bakteria na kuvu, akitoka nje anashikishwa fagio ayakusanye akayachome. Na hapa chuoni je? Kila asubuhi majani yanachomwa, moshi unaingia madirishani, na maua yananunuliwa mbolea ya mfuko. Wasomi hao.

Najua mtasema shule haina maji, madarasa yana watoto mia, mwalimu amechoka. Ni kweli, sibishi. Lakini maji ya kunawia mikono yapo. Chimba shimo kama mita moja kwenda chini na mbili upana, jaza majani na mabaki ya jikoni, zungushia migomba na magimbi, elekeza maji humo. Nyumbani tunalo moja, mwaka wa pili huu. Jirani aliyekuwa analalamika tunafuga mbu (maji yanazama, hayatuami!) sasa anakuja kuomba machipukizi. Na darasa la watoto mia ni mikono mia mbili, bora wachimbe kwenye kipindi kuliko kwenye adhabu.

Mimi TP ninayokwenda, wa kuchelewa atafute adhabu nyingine. Jembe langu litashikwa na waliowahi, na nitawatungia maswali humo humo bustanini.

Mwenye hoja ya kunipinga aje, ila asije na ile ya "hatujafundishwa hivyo." Na mwenye mbegu za mnafu wa kienyeji anitafute kabla mvua hazijaanza, natoa machipukizi ya mgomba kwa kubadilishana.