Alama Zimefika Nairobi, Mtoto Amebaki Griftu

Kuna imani iliyoota mizizi katika ofisi zetu za elimu, na wazazi wengi wa mjini wameipokea bila swali: alama za mtoto zikishaingizwa mtandaoni, basi maendeleo yake yanajulikana. Anayesema vinginevyo huambiwa anapinga teknolojia. Mimi naipinga imani hiyo, na teknolojia sina ugomvi nayo. Kinachonikera ni kwamba wapo watoto wa Griftu na kwingineko hapa Wajir wanaomaliza shule ya msingi bila kuweza kusoma aya moja sawasawa, ilhali alama zao zimehifadhiwa salama Nairobi mwaka baada ya mwaka.

Tuangalie jinsi alama hizo zinavyofika huko. Chini ya mtaala wa umilisi, Baraza la Mitihani, KNEC, huweka kazi za tathmini kwenye tovuti yake. Shule inazipakua, inazichapisha, inawapa wanafunzi, mwalimu anasahihisha kwa viwango vinne, kutoka chini ya matarajio hadi kuzidi matarajio, kisha alama zinarudishwa kwenye tovuti kabla ya siku ya mwisho. Kwa shule iliyo mbali na lami, isiyo na mtandao wala mashine ya kuchapisha, kazi hiyo ni safari. Mwalimu anatia karatasi zake kwenye bahasha ya kaki, anapanda gari lolote linaloelekea Wajir mjini, anaingia saiba. Siku ya mwisho imekaribia na tovuti inakwamakwama. Yeye anasoma majina, kijana wa saiba anabonyeza. Halima, mbili. Abdi, tatu. Mohamed Abdi Hassan, tatu. Mohamed Abdi Hassan mwingine, ngoja kwanza, yupi ni yupi? Nyuma yao kuna walimu wengine wanaosubiri kiti. Alama zikishaingia, mwalimu anapumua, kwa kuwa amenusurika kulaumiwa. Kuhusu Halima hajajua chochote kipya.

Najua nitakachojibiwa: mkonga unakuja. Ni kweli, barabara ya kutoka Isiolo kupitia Wajir hadi Mandera inajengwa, na mkonga wa mawasiliano umo katika mradi huo huo. Nafurahi kwa dhati. Lakini hata kila darasa la Buna na Khorof Harar likipata intaneti ya kasi kesho asubuhi, imani hii itabaki kuwa ya uongo.

Ichukue ile mbili ya Halima katika Hisabati. Nyumbani anaongea Kisomali. Kiswahili na Kiingereza amevikuta shuleni, na swali limeandikwa kwa Kiingereza. Je, alishindwa kugawanya, au hakulielewa swali? Dawa ya tatizo la kwanza haitibu la pili. Mwalimu akikaa naye dakika tano, amwulize lile swali kwa mdomo kwa Kisomali, atajua. Tovuti inapokea tarakimu, na tarakimu ni ile ile kwa shida zote mbili.

Tathmini iliyoitikisa nchi hii haikufanywa hivyo. Shirika la Uwezo lilipoanza kupima watoto Kenya mwaka 2009, watu wa kujitolea waliingia nyumba kwa nyumba, wakaketi na mtoto mmoja mmoja, wakampa herufi, maneno, aya, na hatimaye hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Ndipo ilipobainika kwamba watoto waliokaa darasani miaka mingi hawawezi kuisoma hadithi hiyo, na kwamba maeneo yetu ya kaskazini yameachwa nyuma mno. Tulilijua hilo kwa sababu kuna mtu aliyetega sikio.

Na sisi wa Wajir hatuhitaji kufunzwa jambo hili na shirika lolote. Katika duksi, chuo chetu cha Kurani, mtoto anaandikiwa sehemu yake kwenye loox, kile kibao cha mti, kwa wino wa makaa. Anakwenda mbele ya maalim na kuisoma peke yake. Akikwama, anarudi nayo. Akiisoma sawasawa, kibao kinaoshwa na anaandikiwa sehemu nyingine. Hakuna anayesogezwa mbele kwa sababu mwaka umeisha. Mwulize maalim kuhusu mtoto yeyote aliye mbele yake, atakwambia amefika sura gani na anakosea wapi, bila kufungua daftari. Duksi ina kasoro zake: fimbo imetumika mno, na kukariri si kuelewa. Lakini duksi huhama pamoja na mifugo, na katika hili la kujua mtoto amefika wapi, inaishinda shule yetu yenye tovuti.

Kuna pia suala la alama kugeuzwa hukumu. Alama za KPSEA, tathmini ya Gredi 6, zinahesabiwa asilimia 20 katika matokeo ya KJSEA, mtihani wa Gredi 9 uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, na tathmini za shuleni za Gredi 7 na 8 zinachukua asilimia 20 nyingine. Mwalimu anaambiwa apime kwa ukweli, na papo hapo anajua kwamba kila alama ya chini anayoiandika itamfuata mtoto hadi mlangoni mwa sekondari ya juu. Alama haiwezi kuwa uchunguzi na hukumu kwa wakati mmoja.

Na mwalimu mwenyewe ni nani? Februari 2018, walimu wawili na mke wa mmoja wao waliuawa katika Shule ya Msingi ya Qarsa, hapa hapa Wajir. Tume ya Huduma za Walimu ikawahamisha mamia ya walimu wasio wenyeji. Kuna shule zilizofungwa, na nyingine zikabaki mikononi mwa vijana waliomaliza kidato cha nne, wanaolipwa kwa michango ya wazazi. Mtu anayefundisha madarasa mawili kwa pamoja, ukimtwisha kazi ya kupakia alama kisha ukaziita alama hizo ufuatiliaji, umemdhulumu yeye na umewadanganya wazazi.

Watoto nao huhama. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, familia ziliwafuata ngamia waliobaki popote penye maji. Mtoto aliyesoma Eldas akaibukia shule nyingine kabisa, pengine baada ya miezi mingi bila kushika kalamu. Kumbukumbu zake zilibaki kwenye akaunti ya shule aliyoiacha. Mwalimu aliyempokea akaanza kukisia.

Teknolojia yenyewe, kama nilivyosema, siichukii. Chini ya mpango wa kusoma wa Tusome, ulioenezwa nchi nzima kuanzia 2015, maafisa wa mtaala walipewa vishikwambi na kutakiwa waingie darasani, wamtazame mwalimu akifundisha, wasikilize watoto wachache wakisoma kwa sauti, kisha wazungumze na mwalimu kabla ya kuondoka. Takwimu zilikwenda mtandaoni, lakini zilitanguliwa na afisa aliyeketi na watoto.

Kwa hiyo Wizara ya Elimu iache kuhesabu upakiaji kama ushahidi wa kujifunza. Kila muhula zitengwe siku za kila mtoto wa Gredi 1 hadi 6 kumsomea mwalimu wake akiwa peke yake, na kufanya hesabu chache kwa mdomo katika lugha anayoielewa. Kilichosikika kiandikwe kwenye kadi anayoitunza mama, kama ile ya kliniki inayosafiri naye hadi malishoni, na Baraza la Elimu ya Wahamaji, NACONEK, lihakikishe shule yoyote inaikubali. KNEC ikitaka picha ya taifa, ichague shule chache kwa bahati nasibu na itume watu wake, bila alama hizo kuingia kwenye matokeo ya mtoto. Mzazi naye akienda shuleni, amwombe mwanawe asome ukurasa mmoja pale pale mbele ya mwalimu. Na afisa wa mtaala wa Habaswein anayetakiwa kuzifikia shule za Diif apewe pikipiki na petroli ya mwaka mzima, katika bajeti ijayo, kabla ya shilingi moja zaidi kuwekwa kwenye tovuti.