Hadithi za Mabinti wa Nairobi Zije kwa Kiswahili

Malori yanayopakia shehena bandarini Mombasa hupita Nairobi, kisha huja kupanga foleni huku kwetu Malaba, yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Hivyo bidhaa za Pwani twaziona Amukura kila siku. Lakini hadithi fupi ziandikwazo na wanawake wa Nairobi hazitufikii kwa lugha ya sokoni petu, wala haziteremki kwenu Pwani. Husifiwa Uingereza.

Huko ipo Tuzo ya Caine, iliyoanza mwaka 2000 kwa hadithi fupi za Waafrika. Hadi 2024 Wakenya watano walikwisha kuishinda, na wanne ni wanawake: Yvonne Adhiambo Owuor (2003), Okwiri Oduor (2014), Makena Onjerika (2018), na Idza Luhumyo, binti wa Pwani (2022). Ni fahari yetu sote. Ila hadithi ya Kiswahili haiingii humo mpaka ifasiriwe kwa Kiingereza.

Chukua "Fanta Blackcurrant" ya Onjerika. Yahusu wasichana waishio mitaani Nairobi, hasa Meri, ambaye tamaa yake kubwa ni soda hiyo. Wenzake ndio wanaosimulia, kwa Kiingereza cha mitaani, nami niisomapo nasikia Kiswahili chini yake. Mtoto wa namna hiyo halii njaa kwa Kiingereza.

Najua wako waungwana watakaosema kuwa hadithi zitajazo wizi na ukahaba zavunja heshima. Sikubaliani nao. Mtoto asiye na mlezi ni amana kwetu, na kunyamaza juu yake si kumsitiri. Atasitiriwaje na asiyemjua?

Wala isisemwe kuwa Kiswahili hakiwezi. Profesa Rayya Timammy, mwana wa Lamu aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, aliandika "Kanda la Usufi", kisa cha mwanafunzi aliyepata mimba. Kilitoka katika *Damu Nyeusi* mwaka 2007, kitabu kilichosomwa katika shule za sekondari.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Wachapishaji wa Nairobi wawape wafasiri kazi hizi, na magazeti ya Kiswahili yatenge nafasi ya hadithi moja kila juma. Wasomaji wa London wamekwisha kupata fungu lao. Mama auzaye samaki Busia, na mwenzake akaangaye mahamri Mombasa, bado wanangoja lao.