UCHAMBUZI: Asali mpakani, kipimo kimoja hakitoshi

Mfanyabiashara anayevusha asali ya Tabora kwenda Nairobi kupitia Namanga anakabiliwa na matatizo mawili. La kwanza ni wachache wanaochanganya asali na shira ya sukari. La pili ni shaka ambayo uchakachuaji huo umewaachia wote, hata wale ambao asali yao ni safi. Shehena ikitiliwa shaka huwekwa kando kusubiri majibu ya maabara. Lori linasimama, posho ya dereva inahesabika, na mnunuzi anaanza kutafuta asali kwingine.

Ndiyo maana ni muhimu kwa wafanyabiashara na wasafirishaji kujua kila kipimo kinasema nini, na hakisemi nini.

Wanunuzi wengi bado hutegemea njiti ya kiberiti au glasi ya maji. Njia hizo huonyesha zaidi kama asali ni nzito au ina maji mengi. Shira iliyopikwa vizuri hufaulu majaribio yote mawili.

Rifraktometa ya mkononi ni afadhali. Tone moja la asali huwekwa kwenye kioo, na mwanga unavyopinda huonyesha kiasi cha sukari na maji. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka asali isizidi asilimia 20 ya maji, na kifaa hiki hupima jambo hilo vyema. Hata hivyo, hakiwezi kutofautisha sukari ya nyuki na sukari ya dukani. Anayerudisha ndoo kwa sababu ya namba hiyo pekee anaweza kusema asali ina maji, lakini hawezi kusema imechakachuliwa.

Kipimo cha Benedict, kinachofahamika na kila aliyesoma sayansi sekondari, nacho hakitoshi. Asali halisi ina glukosi na fruktosi, hivyo lazima igeuke rangi ya matofali. Asali iliyochanganywa itageuka vilevile.

Maabara kamili hutenganisha sukari moja moja. Codex inataka glukosi na fruktosi kwa pamoja zisipungue gramu 60 katika kila gramu 100 za asali ya maua, na sukrosi, yaani sukari ya kawaida, kwa jumla isizidi gramu 5. Shira ya miwa au ya mahindi hunaswa kwa kupima kaboni, kwa kuwa mimea hiyo hutengeneza sukari kwa njia tofauti na maua mengi. Shira ya mchele hukwepa kipimo hicho na huhitaji vipimo vingine.

Wasafirishaji nao wana sehemu yao. Joto na muda huongeza kemikali iitwayo HMF, ambayo kwa asali ya nchi za joto haitakiwi kuzidi miligramu 80 kwa kilo. Asali safi inayoachwa siku nyingi juani chini ya turubai inaweza kufika sokoni ikiwa na dosari ambayo mfugaji nyuki hakuisababisha.

Suala hili si la Afrika Mashariki pekee. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulitangaza kuwa kati ya sampuli 320 za asali iliyoingizwa huko, 147 zilitiliwa shaka, sawa na asilimia 46. Anayetaka soko la nje ajiandae kwa upekuzi mkali zaidi.

Katika kanda, Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango, ubora, vipimo na majaribio inataka alama za ubora za nchi moja mwanachama zitambuliwe na nyingine. Bidhaa yenye alama ya TBS, KEBS au UNBS ina hoja ya kisheria mpakani. Anayeumia ni mfanyabiashara mdogo mwenye ndoo chache zisizo na alama yoyote.

Kwake, njia nafuu ni kuungana na wenzake katika ushirika, kukusanya asali kwa mafungu yenye namba, na kupima fungu zima mara moja kabla ya kupakia. Sampuli iliyofungwa kwa lakiri ibaki kwa muuzaji. Majibu yakipingwa mpakani, sampuli hiyo ndiyo itakayomtetea.