Tahadhari: Usimsake Jirani kwa Lafudhi Yake

Jumamosi asubuhi, Tandika, hatua chache kutoka sokoni. Fundi simu amekaa nyuma ya kimeza chake cha kioo, bisibisi na gundi mbele yake, na rundo la vioo vilivyopasuka pembeni. Mteja anauliza bei ya kubadilisha kioo. "Silingi elfu thelathini na tano," anajibu fundi bila kuinua macho.

Mteja akamgeukia mwenzake na kunong'ona kwa sauti ambayo wote tuliisikia: "Huyu Mkenya huyu. Si walishakatazwa hawa?" Vijana wawili waliokuwa wanasubiri zamu wakasogea. Mmoja akatoa simu, akaanza kurekodi. Fundi hakubishana. Alivuta droo, akatoa kitambulisho cha NIDA, akakibwaga juu ya kioo. "Mimi wa Sirati, Rorya, mkoa wa Mara. Wajaluo tupo pande zote za mpaka, kaka." Mteja akacheka kwa aibu, akaomba radhi, akatoa simu yake itengenezwe. Yakaisha.

Naandika kwa sababu siku nyingine hayataisha hivyo. Huenda siku hiyo fundi amesahau kitambulisho nyumbani. Huenda waliosogea si wawili bali ishirini. Huenda kweli ni Mkenya, mwenye leseni hai mkononi, na hakuna atakayempa nafasi ya kuionyesha.

Tujue kwanza maneno haya yanatoka wapi. Julai 28, 2025, serikali ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Waziri wa Viwanda na Biashara wakati huo, Selemani Jafo, ndiye aliyeitangaza. Humo mna uwakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu, ufundi wa simu na vifaa vya elektroniki, saluni zisizo za hotelini au za kitalii, usafi wa nyumba na ofisi, udalali, uongozaji watalii, uchimbaji mdogo wa madini, ununuzi wa mazao shambani, na biashara ya jumla na rejareja ukiacha supamaketi. Asiye raia akikutwa na kosa, faini haipungui shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi 6, na viza na kibali cha ukaazi hufutwa.

Hayo kila kijiwe kinayajua. Yako mawili ambayo vijiwe vinayaruka. La kwanza, mgeni aliyekuwa na leseni halali kabla ya amri anaruhusiwa kuendelea hadi leseni hiyo iishe muda wake. Kwa hiyo hata ukimkuta mgeni kweli, dukani kwake kweli, huwezi kujua kwa kumtazama usoni kama anavunja sheria. La pili, Mtanzania anayemsaidia mgeni kuikwepa amri naye ana kosa, na adhabu yake ni faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Manung'uniko yaliyozaa amri hii yalipikwa Kariakoo, na kwa sehemu kubwa yaliwahusu wageni kutoka Asia, hasa Wachina, walioingia kwenye rejareja. Mfanyabiashara wa aina hiyo ana ghala, ana mwanasheria, ana geti na mlinzi. Mtu wa Tegeta au Mbagala mwenye hasira hamfikii. Anayemfikia ni msusi wa Kisii aliyepanga chumba na sebule nyumba ya pili, au mwalimu wa Kiingereza anayepanda naye daladala kila alfajiri. Kwa hiyo hasira iliyoanzia Kariakoo inashuka kwa aliye karibu na asiye na ukuta.

Ingekuwa amri hii peke yake, tungesema upepo utapita. Lakini imekuja juu ya kuni zilizokwisha kukauka. Mei 2025, mwanasiasa wa Kenya Martha Karua na wanaharakati wengine waliokuja kufuatilia kesi ya kiongozi wa upinzani Tundu Lissu walizuiwa na kurudishwa kwao, na mitandao ikageuka uwanja wa matusi kati ya vijana wa Nairobi na wa Dar es Salaam, hadi Rais William Ruto wa Kenya akasimama mwishoni mwa mwezi huo na kuomba radhi kwa majirani. Kisha ikaja Oktoba 29, 2025: uchaguzi, vurugu, intaneti kuzimwa, amri ya kutotoka nje usiku hapa jijini. Akiapishwa Novemba 3, Rais Samia Suluhu Hassan alisema baadhi ya vijana waliokamatwa walitoka nje ya nchi. Nairobi nayo ikaeleza wasiwasi juu ya usalama wa raia wake walioko huku. Waliokosa wana mahakama zao. Ila sikio la mtaani lilipokea "baadhi" likasikia "wageni", na kabla neno halijafika Buza lilikwishakuwa "Wakenya".

Na Mkenya mtaani anatambuliwaje? Kwa lafudhi. Hapo ndipo hatari inapokuwa ya kwetu wenyewe. Mstari wa mpaka ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, hawakumuuliza mtu. Ulimgawa Mmasai wa Longido na wa Kajiado, Mkurya wa Tarime na wa Kehancha, Mdigo wa Mkinga na wa Kwale, Mjaluo wa Rorya na wa Migori. Ukimsaka Mkenya kwa sikio, utamkamata Otieno wa Shirati aliyezaliwa na kukulia Tanzania, na utampisha Mdigo wa Vanga, raia halali wa Kenya, atakayekununulia mhogo Mbagala Rangi Tatu huku akiongea kama mtu wa Tanga. Temeke na Kinondoni zimejengwa na watu waliotoka kila pembe ya nchi, kila mmoja na ulimi wake. Leo anaulizwa anayesema "silingi". Kesho ataulizwa nani?

Wapo watakaosema nawatetea wageni wakati vijana wetu hawana kazi. Hapana. Nchi ina haki ya kulinda riziki ya watu wake, na kama amri hii inapingana na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, hiyo ni hoja ya serikali na wanasheria wao. Ninachosema ni kwamba kukagua leseni ni kazi ya ofisa biashara wa manispaa, na vibali vya ukaazi ni kazi ya Uhamiaji. Mwananchi aliyebeba rungu hana kifungu kinachomlinda. Akivunja kibanda cha mtu, hata kama mtu huyo ni mgeni asiye na leseni, amefanya jinai.

Tena deni la jinai kama hiyo hulipwa mahali pengine. Juni 2019, aliyekuwa mbunge wa Starehe kule Nairobi, Charles Njagua, maarufu kama Jaguar, aliwatishia wafanyabiashara wa kigeni waliokuwa katika masoko ya jiji hilo, Watanzania wakiwamo, kwamba wasipoondoka wangetolewa kwa nguvu. Bunge letu Dodoma lilichachamaa, na kwa haki. Serikali ya Kenya ikajitenga na maneno yale, na mbunge akakamatwa. Siku ile tulijua vizuri sana jinsi jambo hili linavyoonekana kutoka upande wa pili. Wale mama zetu wanaouza Nairobi na Mombasa bado wako kule. Video moja ya Mkenya akipigwa Tandale itawafikia wao kabla haijafika kituo cha polisi cha Magomeni.

Na biashara? Vitunguu vya Mang'ola, machungwa ya Muheza na mahindi ya mikoani kwetu vina soko kubwa Kenya. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa madai ya sumukuvu, malori yalikwama Namanga, na aliyeumia alikuwa mkulima na dereva. Ilichukua siku chache tu kulegeza, kwa kuwa viongozi walizungumza. Hatukuwa na bahati hiyo mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na kwenye vijiwe vyetu Wakenya wakawa "manyang'au". Mpaka ulikuja kufunguliwa Novemba 1983, baada ya marais Nyerere, Moi na Obote kukutana Arusha. Karibu miaka saba watu wa ukoo mmoja walitazamana ng'ambo ya kizuizi.

Kwa hiyo, kabla hayajatufika, haya machache.

Mwenye laini ya uwakala au leseni: usimkopeshe mgeni jina lako, hata akikulipa vizuri kila mwezi. Siku ya ukaguzi jina litakaloonekana ni lako.

Mwenye nyumba: amri inahusu biashara, haihusu kulala. Mpangaji mwenye kibali cha ukaazi aliyelipa kodi ya pango hatolewi nje kwa sababu ya pasipoti yake. Ukiwa na shaka, mwombe akuonyeshe kibali. Usimzuilie vyombo.

Jirani yetu Mkenya: tazama leo tarehe ya mwisho ya leseni yako na ya kibali chako. Usingoje wiki ya mwisho. Na palipo na hofu hapakosi vishoka. Anayekuja usiku akijiita ofisa wa Uhamiaji na kutaka umtumie pesa kwenye namba yake ya simu ni mwizi. Malipo ya serikali yana kontroo namba na risiti, na ofisa wa kweli ana kitambulisho.

Wenyeviti wa serikali za mitaa na mabalozi wa nyumba kumi: neno lenu bado lina uzito. Uvumi ukianza kijiweni, uzimeni kijiweni. Orodha ya majina ya "wageni wa mtaa" inayozungushwa WhatsApp si ripoti, ni kiberiti. Mwenye taarifa ya kweli na aipeleke ofisini, aiache hapo.

Siku 5 baada ya amri ile kutolewa, Agosti 2, 2025, Uwanja wa Mkapa hapa Temeke ulifungua michuano ya CHAN, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda ziliiandaa kwa pamoja. Nchi hizo tatu ndizo zilizopewa pia AFCON ya 2027. Waliokuja kushangilia walilala kwetu, wakala kwa mama lishe wetu, wakapanda bodaboda zetu, na hakuna aliyewauliza wanatamkaje shilingi.

Ndugu msomaji, jioni ya leo ukipokea sauti au picha inayotaja mtu, mtaa na rangi ya geti lake, ukaambiwa "sambaza haraka", usisambaze. Ifute, kisha mpigie mwenyekiti wa mtaa wako.