Mwalimu Mnasihi Apewe Muda Wake

Juni 19, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua daraja la Kigongo–Busisi juu ya Ziwa Victoria, lenye urefu wa kilomita 3, na safari iliyokuwa ikila hata saa mbili kwenye foleni ya kivuko ikawa ya dakika chache. Mgonjwa wa Sengerema anayekimbizwa hospitali ya Bugando, Mwanza, hasubiri tena zamu ya pantoni. Hilo ni jema na halina ubishi. Lakini foleni ile ndiyo iliyokuwa ikinunua mihogo, mahindi ya kuchoma, samaki na maji ya chupa pale Kigongo, na sasa magari yanapita juu bila kusimama. Mama aliyesomesha watoto kwa beseni la samaki wa kukaanga hana budi kutafuta njia nyingine, na mtoto wake huingia darasani akiwa amebeba mazungumzo ya jana usiku kuhusu chakula na kodi ya chumba.

Mtoto wa mwaloni ana mizigo mingine pia. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na mitumbwi ikirudi alfajiri sharti waanikwe mapema ili jua lisipotee bure. Mikono midogo husaidia kuwatandaza kwenye chanja au mchangani, kisha hukimbilia shule bado inanuka ziwa. Ikifika saa nne, mtoto kichwa kimelalia dawati. Mwalimu aliye mbele ya watoto 90, wakati kiwango cha serikali ni 45 kwa darasa la shule ya msingi, atamwita mvivu. Yule anayeumwa tumbo kila Jumatatu ataitwa mwongo, na anayepiga wenzake ataitwa mtukutu. Aliyenyamaza tangu baba azame ziwani hataitwa jina lolote, kwa sababu hasumbui mtu.

Ziwa hili limeacha yatima wengi. Meli ya MV Bukoba ilizama Mei 1996 na kuua mamia ya watu. Septemba 20, 2018 ikafuata MV Nyerere, iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara ikachukua watu zaidi ya 220. Nchi kavu nako hakuna usalama wa uhakika: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Shirika la Afya Duniani nalo linasema nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14, yaani mtoto akiwa bado shule ya msingi au ndiyo kwanza anaingia kidato cha kwanza.

Barabara inayovuka daraja huendelea Geita hadi Kagera, na huko kulitokea kisa ambacho dunia hukisimulia kama kichekesho. Januari 30, 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kati ya wanafunzi 159, hali hiyo iliwapata 95. Rankin na Philip, walioandika taarifa ya kitabibu mwaka uliofuata, walieleza zaidi ya kicheko: vilio, hofu, kukimbia huku na huko, kwa wengine saa chache na kwa wengine hadi siku 16. Hakikupatikana kijidudu wala sumu. Machi 18 shule ikafungwa, wasichana wakarudi makwao, na hali ile ikaenea hadi kijiji cha Nshamba. Shule haikuwa na la kufanya ila kufunga milango.

Miaka zaidi ya 60 imepita, na bado wasichana wakianguka na kupiga mayowe bwenini neno la kwanza kusikika ni mapepo. Mchungaji na shehe wana nafasi yao, na mara nyingi ndio pekee wanaofika kwa wakati. Ila wakishaondoka, mtoto hubaki na kilekile kilichomwangusha, na hapo ndipo anapohitaji mtu wa kumsikiliza wiki baada ya wiki.

Mtu huyo yupo kwenye makaratasi. Waraka wa Elimu Na. 11 wa mwaka 2002 uliagiza huduma ya ushauri na unasihi shuleni, na mwongozo wa malezi, unasihi na ulinzi wa mtoto ukatolewa mwaka 2020. Shule nyingi zinaweza kumtaja mwalimu wao wa unasihi kwa jina. Ukiuliza anafanya kazi hiyo saa ngapi, jibu linakuwa gumu. Ana vipindi vyake vya Hisabati, ana zamu ya wiki, ana lundo la madaftari ya kusahihisha. Ofisi ni chumba kimoja chenye meza zilizobanana na walimu sita wanaosikia kila neno. Binti gani ataeleza habari za mjomba wake hapo?

Na fimbo je? Kanuni za mwaka 1979, zilizorekebishwa mwaka 2002, bado zinaruhusu viboko, visivyozidi vinne na kwa idhini ya mkuu wa shule. Agosti 2018 mwanafunzi wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki baada ya kupigwa na mwalimu. Mtoto hawezi kumfungulia moyo saa tano mtu aliyemchapa saa mbili. Walau mwalimu mnasihi aondolewe kabisa katika kazi ya adhabu, na wanafunzi watangaziwe hivyo mstarini wakisikia wote. Inawezekana: mwaka 2018 Mabula Nkuba na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio katika shule nane za sekondari za umma nchini, ambako mafunzo ya siku tano na nusu yaliwapunguzia walimu matumizi ya kipigo na matusi.

Wapo wanaosema mwalimu wa kijijini hawezi kazi nyeti kama hii. Misungwi na Sengerema, wilaya za pande mbili za daraja, zina jibu lao zenyewe. Kati ya mwaka 1999 na 2002, mradi wa Mema kwa Vijana ulifanyika katika wilaya hizo mbili pamoja na Geita na Kwimba. Walimu wa kawaida wa shule za msingi 62 walifundisha afya ya uzazi darasa la tano hadi la saba, wakisaidiwa na wanafunzi walioigiza michezo mifupi, na vituo 18 vya afya viliandaliwa kuwapokea vijana. Walimu waliiweza, na ujuzi ule ulibaki vichwani: vijana walipopimwa tena mwaka 2007 na 2008 bado waliwazidi wenzao kwa maarifa. Maambukizi ya VVU, hata hivyo, hayakupungua. Maarifa yalikutana na umaskini na tamaa za watu wazima ambao mradi haukuwafikia. Anayepanga unasihi leo asisahau matokeo hayo: somo peke yake halitoshi, lazima kuwe na mtu na mahali pa kumpeleka mtoto.

Habari njema ni kwamba mtu huyo si lazima awe daktari bingwa. Nchini Kenya, mpango wa Shamiri uliwatumia vijana waliotoka sekondari juzijuzi kuongoza vikundi vya wanafunzi, saa moja kwa wiki kwa wiki nne. Jaribio lililohusisha wanafunzi 413, lililochapishwa mwaka 2021, lilionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua. Katika jaribio la Moshi na Bungoma, Kenya, lililohusisha yatima 640 wa miaka 7 hadi 13, watu wasio wataalamu wa afya ya akili walifundishwa kuwasaidia watoto kuzungumza juu ya vifo vya wazazi wao. Nafuu ilidumu zaidi upande wa Kenya kuliko Moshi, lakini watoto walipona kiasi cha kutosha kwa Bungoma kuendelea, safari hii kwa mikono ya walimu na wahudumu wa afya wa jamii.

Tanzania ina watu wa aina hiyo. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kupata wahudumu zaidi ya 137,000. Mmoja wao akiunganishwa na kila shule ya mwaloni, mwalimu atakuwa na mwenzake wa kufika nyumbani kwa mtoto anayenyamaza. Kinachotakiwa zaidi ni muda, kwa maana ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka haiwezi kumwajiri yeyote. Vipindi vya mwalimu mnasihi vipunguzwe, jina lake liingie kwenye ratiba ya shule kama somo lolote, na apewe hata stoo yenye viti viwili na mlango unaofungwa.

Bunge nalo lina kazi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinamfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua. Mwanafunzi anayejua hivyo hatasema, na mwalimu anayejua hivyo ataogopa kuandika rufaa. Januari 9, 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha aina hiyo ni batili kikatiba. Dodoma haina haja ya kungoja kesi. Kwa sasa simu 116 ya watoto inapigwa bila malipo, na namba hiyo inafaa iandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa kila darasa.

Daraja lilijengwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 700, kwa sababu lilikuwa na fungu, mkandarasi na tarehe. Halmashauri za Misungwi na Sengerema hujadili bajeti zao mwanzoni mwa mwaka, ratiba za shule zikiwa zinapangwa. Madiwani waulize swali moja kwa kila shule ya ufukweni: mwalimu mnasihi ana vipindi vingapi vya unasihi kwa wiki, na anayezidiwa anapelekwa zahanati ipi, kwa nani.